Meseji Zote Chini ya Sura ya Babu

Baba mkubwa alipokuja kutoka Dar mwaka juzi aliniletea simu iliyokuwa imemshinda mwenyewe. Hakusema hivyo. Alisema, "Hii ni ya kipekee, kijana wangu. Watu wenye simu kama hii nchi nzima unaweza kuwahesabu."

Ilikuwa kweli, na sababu niliigundua jioni ileile. Simu za watu ni za makabila mawili, kila mtu anayajua. Hii ilikuwa ya kabila la tatu. Ilikuwa na mfumo wake wenyewe, uliotengenezwa na watu wa nchi za theluji ambao nadhani hawana ndugu. Duka lake la programu lilikuwa kama duka la kijijini wakati wa njaa: chumvi, kiberiti, na mwenye duka amelala. Ile programu ambayo ukoo wetu wote unaishi ndani yake, yenye grupu la ukoo, picha za maharusi na sala za kutumiana alfajiri kabla mtu hajapiga mswaki, haikuwemo kabisa.

Nikaipeleka mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, kwa fundi simu, dada mmoja mwenye meza yake pembeni ya mafundi cherehani. Akaigeuza, akaifungua, akacheka.

"Nani kakupa?"

"Baba mkubwa."

"Mligombana?"

"Bado."

Akaishika siku nzima. Nilipoirudia alikuwa na uso wa mtu aliyemfundisha mbuzi kusoma. "Sikiliza," akasema. "Hii haina programu ya meseji. Hii ina kabati."

"Kabati gani?"

"Kabati moja la meseji, limo humohumo kwenye simu, limezaliwa nayo. Haitaki uwe na programu hii na ile. Unaliunganisha na akaunti zako, kila kitu kinaingia humo. Meseji za kawaida, grupu, kila takataka. Haijali imetoka wapi, inajali imetoka kwa nani. Kila mtu ana ukurasa wake. Akikuandikia wewe, inaingia kwenye ukurasa wake. Akiandika kwenye grupu, inaingia palepale."

"Na mimi nikijibu?"

"Inarudi kwa njia ile ya mwisho aliyoitumia yeye. Angalia hiki kinukta hapa chini. Kijivu, inakwenda kwake peke yake. Kijani, inakwenda kwa grupu zima."

Kinukta chenyewe kilikuwa kama yai la chawa. Nikamwambia, "Dada, hapa panahitaji darubini."

"Hapa panahitaji akili," akasema, "na hiyo siuzi."

Nilirudi nyumbani nikijiona bwana mkubwa. Na kwa muda mrefu lile kabati nililipenda kweli, kwa sababu moja tu: lilimweka Babu yangu mzima mahali pamoja. Alichoniandikia mimi na alichowaandikia wengine kwenye grupu, vyote vilipangana chini ya sura yake, kwenye picha niliyompiga mwenyewe akiwa ametoa ulimi na amevaa koti lake la reli kwenye jua kali.

Babu alikuwa mtu wa stesheni ya Tabora, zama ambazo ujumbe ulisafiri kutoka stesheni hadi stesheni kwa herufi kubwa tupu. Alipostaafu akarudi kulima kijijini Puge, akaondoka na vitu viwili vya reli. Kimoja koti jeusi zito lenye vifungo vya shaba. Kingine zile herufi. Simu yake aliiweka kwenye herufi kubwa, haikutoka huko tena. Akikusalimu kwa meseji unaweza kudhani nyumba inaungua.

Kwetu Wanyamwezi babu na mjukuu ni watani. Hili silifafanui sana, anayejua anajua. Babu aliniita mwizi wa mke wake. Bibi aliniita mume wangu, akanipikia mlenda wa karanga mbele yake ili aumie. Mimi nilimwita Babu mlinzi, kwamba ananilindia mke mpaka nimalize shule. Shikamoo nilikuwa nampa mlangoni tu, ikiwa Mama anatazama.

Na mchezo wetu mkubwa ulikuwa kufa. Sijui nani aliuanza. Mimi niko darasani Tabora, simu imo kwenye soksi, inatetemeka:

"MZEE WA PUGE AMEFARIKI. MAZISHI YANASUBIRI MJUKUU ALETE TUMBAKU."

Najibu: "Hatuji. Mwambieni marehemu ajioshe mwenyewe."

"MAREHEMU ANASEMA SABUNI UMEIBA WEWE NA BIBI YAKO."

Alikufa mara nyingi sana. Alikufa kwa kukanyagwa na kuku, alikufa kwa kusikiliza hotuba, alikufa kwa chai ya Shangazi isiyo na sukari. Na mimi nilimzika kila mara, kwa matusi safi kabisa ambayo kama mwalimu wa zamu angeyasoma ningefagia uwanja mpaka leo.

Krismasi ya mwisho nilipokuwa Puge aliniita nyuma ya nyumba, akavua koti, akanivika. Lilinifika magotini.

"Kohoa," akasema.

Kikohozi cha Babu kilijulikana kata nzima. Kilianza taratibu kama treni inayotoka stesheni, kikashika kasi, kikaishia na kafilimbi. Nikakohoa. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni pikipiki. Kohoa treni." Nikarudia mpaka Bibi akapiga kelele toka jikoni, "Mzee, kunywa maji!" Babu akaanguka kwa kicheko, akashika ukuta.

Kisha akaacha kucheka.

"Siku yangu ikifika, wewe ndiye unavaa hili. Unasimama pembeni ya kaburi, unakohoa, wanashtuka. Halafu unawaambia, kwa sauti yangu. Nimewalea hawa wanangu, nimewaogopa. Mjukuu haogopi. Ndiyo kazi yake."

Akanifundisha maneno. Kila mwanawe alikuwa na fungu lake, na Bibi pia. Tukayarudia mpaka nikayashika bila kukosea.

"Wazee wetu walikuwa wapagazi," akaniambia. "Walibeba pembe za ndovu za watu toka huku mpaka pwani. Unajua walirudi na nini? Nguo ziliraruka, shanga walihonga. Walirudi na utani. Kila kabila walilopita kwake njiani, walizikana na kutukanana. Ndiyo mali pekee ya msafara iliyonifikia mimi. Usinizike kimya kama mkaguzi wa elimu."

Nikamwambia, "Usijali mlinzi. Nitakutukana mpaka malaika wakushangae."

Hicho ndicho nilichokuwa nadaiwa na mtu mmoja duniani, na nilikuwa nimeahidi.

Basi. Siku yenyewe nilikuwa nimetoka shule, nimesimama na wenzangu kwenye kibanda cha mihogo, mdomo umejaa. Simu ikatetemeka. Ukurasa wa Babu, ulimi nje, vifungo vinang'aa:

"MZEE AMETUTOKA MCHANA HUU. NJOONI PUGE."

Nilicheka mpaka muhogo ukanipalia. Nikawaonyesha wenzangu, "Oneni huyu, kafa tena." Nikaandika haraka haraka, pilipili vidoleni:

"Umekufa tena? Safari hii oza kwanza ndiyo tuamini. Na uvue koti, ni langu hilo."

Nikatuma. Neno "imesomwa" likatokea papo hapo. Nikamwona Babu kabisa, amekaa kwenye kigoda chake, anafuta machozi kwa mkono wa koti, anatafuta herufi ya kuanzia. Nikasubiri jibu.

Lilikuja la Baba mkubwa, kwenye ukurasa wake: "Huyu mtoto amelaaniwa?"

Kisha mke wa Baba mkubwa, kwenye ukurasa wake: "Mungu wangu." Kisha binamu wa Mwanza, ambaye hatujawahi hata kuandikiana: "Futa haraka dogo." Kabati lilikuwa linachanachana kelele za watu na kuzipanga vizuri, kila mtu kwake, kila mmoja anapiga ukunga peke yake chumbani. Simu za kila mtu zilionyesha msiba mmoja. Yangu ilionyesha vichaa wengi wasiojuana. Nilisimama pale nikijiuliza wamekula nini.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi sakafuni, kanga kichwani.

"Zima hiyo simu," akasema.

"Mama, Babu ananitania tu, ndiyo kawaida yetu."

"Mwanangu. Babu yako hatanii tena."

Ndipo nikakitazama kinukta. Kijani. Shangazi anayeishi na wazee Puge alikuwa ameishiwa bando, akachukua simu ya baba yake na kutangaza msiba kwenye grupu, herufi kubwa zilezile. Lile kabati likaona namba ya Babu, likaileta kwa sura ya Babu. Halikudanganya. Namba ilikuwa yake.

Tulikwenda Puge asubuhi iliyofuata kwa gari la kukodi, Mama mbele, Baba na mimi nyuma kati ya magunia ya mchele. Baba yangu ni mdogo wa Baba mkubwa, na tangu nimjue kazi yake ni kukubali. Njia nzima alisema neno moja tu: "Utaomba radhi."

Baba mkubwa alikuwa ametangulia usiku na kila kitu kilishakuwa chake: maturubai, spika za kukodi, jenereta, ratiba iliyochapwa. Nikaitwa sebuleni.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Sitaki shikamoo yako. Unajua wakwe zangu wamo kwenye lile grupu? Unajua?"

"Nilidhani ni Babu."

"Babu alikuwa amekufa!"

"Ndiyo maana nasema nilidhani."

"Mwanangu, nyamaza," akasema Baba.

Shangazi akadakia toka mlangoni, macho yamevimba, "Kaka, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeshika simu ya baba. Halafu huyu na baba ndiyo walikuwa wakiandikiana hivyohivyo, mimi huwa namsomea mama—"

"Wewe nenda ukapike."

Baba mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa grupu, akatoa simu yake, mbele ya macho yangu akaifuta ile meseji kwa watu wote, kisha akanitoa kwenye grupu la ukoo. "Imekwisha," akasema, akasugua kioo kwa kidole gumba kama anayefuta tope. Kwake ilikwisha. Kwangu haikwisha, maana kabati langu halielewi amri za kufuta za watu wengine. Mpaka leo imo, chini ya ulimi wa Babu.

Sauti ya Bibi ikatoka chumbani, alikokuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake. "Mume wangu amefika? Mleteni avae koti."

"Mama, hayo mambo tumeshayaacha," Baba mkubwa akajibu kupitia pazia. "Kuna mchungaji. Kuna wageni."

"Mchungaji naye si mjukuu wa mtu?"

Watu wakacheka kidogo, wakajizuia. Na mchungaji mwenyewe, mzee mwembamba aliyekuwa anakunywa uji nje, alikuwa ameshauliza tangu asubuhi, "Watani wako wapi? Mbona msiba umepoa hivi?"

Uamuzi ukatoka: nisikanyage kaburini. Nikapewa jenereta. Niliwekwa nyuma ya jiko, niangalie mafuta, nisionekane.

Ilikuwa Julai, baridi ya Puge asubuhi inauma masikio. Waliposimama kwenda kaburini, pale pembeni ya nyumba, nikachungulia pembeni ya jiko na kumwona Baba mkubwa amevaa koti. Koti la Babu. Limembana kwapani, vifungo havifiki, lakini amelivaa, kwa sababu alikuja na suti nyepesi ya Dar na alikuwa anasikia baridi. Si kwa ajili ya kukohoa, wala kusema lolote. Baridi tu.

Akashika kipaza sauti, akasoma wasifu kwenye simu yake. Spika zikapeleka sauti mpaka barabara ya Nzega. Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu aliajiriwa. Na kisha:

"Marehemu alikuwa mtu wa kimya, mpole, asiyependa mizaha."

Nikazima jenereta.

Spika zikakatika. Baba mkubwa alionekana anachezesha mdomo, na hakuna kitu kinachotoka. Nikavuta pumzi, nikakohoa. Treni, si pikipiki. Ikatoka stesheni, ikashika kasi, ikapiga kafilimbi mwisho.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Kisha Bibi, kwa sauti ya mtu anayefungua mlango: "Karibu, mzee!" Wazee wa Puge wakaangua kicheko, kile cha msibani, chenye machozi ndani. Mmoja akasema, "Huyo ndiye! Huyo sasa ndiye!" Hata mchungaji alikuwa ameinamia kitabu, mabega yanamtikisika.

Nikatoka nyuma ya jiko. Nilikuwa na fungu la kila mtu tayari mdomoni. Nikafungua kinywa.

Baba yangu akanifikia. Yule baba wa kukubali, sijui alitoka wapi na mbio zile. Akaniziba mdomo kwa kiganja, akanivuta mpaka nyuma ya ghala. Kiganja kilikuwa na udongo, alikuwa amesaidia kuchimba. Niliuonja. Nyuma yetu mtu wa spika akaiwasha jenereta, sauti ya Baba mkubwa ikarudi palepale ilipokatika, ikaendelea kumsifu mtu nisiyemjua. Baba hakuniachia. Alinishika hivyo mpaka wimbo ukaanza, mpaka udongo ukaanza kugonga sanduku.

Ndipo akatoa mkono.

"Kaka ndiye mkubwa," akasema.

Nilitema udongo.

Koti lilikwenda Dar. Najua kwa sababu kabati langu, kwa uaminifu wake wa kijinga, huwa linabadilisha sura za watu wenyewe wakizibadilisha. Baada ya arobaini nilifungua ukurasa wa Baba mkubwa nikamkuta amevaa koti la Babu mbele ya ua la plastiki, chini yake ameandika "Urithi". Kafungua vifungo ili tusione haviingii.

Anataka kuninunulia simu ya kawaida. Amemtuma Baba aniambie, na kwamba nikiomba radhi kwa maandishi nitarudishwa kwenye grupu. Nimekataa vyote. Wenzangu wananiita chizi, dogo unakataaje simu. Wacha waite. Kwenye simu ya kawaida Babu angekuwa vipande, nusu yake grupu nililofukuzwa, nusu meseji za kawaida. Hapa yuko mzima. Amekufa kwa kuku, amekufa kwa hotuba, amekufa kwa chai, na chini kabisa amekufa kweli, na mimi nimemjibu.

Jumamosi moja baada ya masomo ya ziada nilibaki darasani peke yangu, nikafungua ukurasa wake. Nikakitazama kinukta safari hii, pua karibu igonge kioo. Kijivu. Grupu sina tena, kwa hiyo njia imebaki moja. Nikaandika yote niliyofundishwa:

"Mimi mzee wa Puge nasema hivi. Wewe mwanangu mkubwa, siku zote ulizopiga simu ukaambiwa sina chaji, chaji ilikuwapo, nilikuwa nakukwepa. Ulinijengea choo cha vigae na hujawahi kuja kukitumia. Njoo basi hata kujisaidia. Wewe mwanangu mdogo, sema hapana mara moja kabla hujafa, uone ilivyo tamu. Wewe binti yangu, wewe ndiye ulikuwa mtoto wangu wa kiume, ila sukari usiibane. Wewe mke wangu, usiolewe mpaka huyu mwizi amalize shule. Sasa nifukieni, nasikia baridi, koti amelichukua mjukuu."

Mstari wa mwisho nilifikiria kuubadilisha. Nikauacha ulivyo.

Nikatuma. Laini ya Babu haikuzikwa, Shangazi anaitumia mpaka sasa. Nikaanza kufunga begi. Kisha "imesomwa". Nikajua Shangazi ameketi pale jikoni na anamsomea Bibi, neno kwa neno.

Jibu lilikuja chini ya sura yake, ulimi nje, vifungo vinang'aa, kwa herufi zilezile:

"BIBI YAKO AMECHEKA SANA. ANASEMA UMECHELEWA."